Nyuzi 16 za Paris mwezi wa nne: tubebe koti zito au tuvae tabaka?

#1 Kapu la Mgeni
Wanajamvi, habari. Kuna safari ya siku 10 katikati ya Aprili: Paris siku 4, Amsterdam siku 3, kisha ndege ya bei poa hadi Roma siku 3. Wastani wa joto la juu kabisa la mchana ni kama nyuzi 16 Paris, 13 Amsterdam na 19 Roma. Mtu akisoma 16 anaona hiyo si Lushoto tu, anatupia sweta moja na raba. Lakini karibu kila anayerudi kutoka kule Aprili analalamika kwamba aliganda. Kwa nini 16 ya kule inauma kuliko ya huku? Na koti zito libebwe, au ni mzigo wa bure? Begi ni la kuingia nalo ndani tu, mwisho kilo 7.

#2 Mzee wa Transit
Hiyo 16 ni kilele cha siku, na kilele chenyewe kinafika kama saa 11 jioni, kwa sababu kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi saa zao zinasogezwa mbele. Mgeni anatoka hotelini saa 3 asubuhi, joto liko 8 au 9. Alfajiri Paris inashuka hadi 6 au 7, Amsterdam 4. Sasa wewe umevaa kwa ajili ya saa 11 jioni, umetoka saa 3 asubuhi. Hapo tatizo si Ulaya, ni kusoma namba moja badala ya mbili. Angalia ya chini na ya juu, vaa kwa ya chini, vua kadiri inavyopanda.

#3 mtoto_wa_Makete
Watu wa pwani bwana, mkiona 16 mnaita baridi 😂. Ila mleta mada asidanganywe, jibu ni upepo. Hewa ikiwa nyuzi 8 na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi inahisi kama 4. Amsterdam iko tambarare, haina mlima wa kuzuia kitu, na Bahari ya Kaskazini Aprili bado iko chini ya nyuzi 10. Sweta la kufuma hata liwe nene vipi, upepo unapita kwenye matundu kama chujio la chai. Hapo kinachotakiwa ni kitambaa kilichobana juu yake, hata kiwe chembamba kama karatasi.

#4 Fundi Cherehani
#3 umesema kweli nusu. Paris upepo si tatizo kubwa kihivyo na bado watu wanaganda. Sababu ni pamba. Sisi tunavaa pamba juu ya pamba: singlendi ya pamba, fulana ya pamba, jinzi ya pamba. Ukitembea kwa kasi, ukishuka ngazi za metro, jasho linaingia kwenye kitambaa na halitoki. Ukisimama dakika kumi kwenye foleni, ile fulana mbichi inakunyonya joto mgongoni. Sufu inaweza kubeba mvuke karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa. Ndiyo maana fulana moja nyembamba ya sufu inayogusa ngozi inafanya kazi kuliko sweta mbili za pamba.

#5 Njiwa Mweupe
Mimi naona wote mnapita pembeni, jibu ni jua. Katikati ya Aprili saa sita ya jua Paris linasimama kama nyuzi 51 tu kutoka upeo wa macho, huku kwetu liko karibu na utosi. Mtaa mwembamba wenye majengo ya ghorofa sita unabaki kivulini muda mwingi. Upande wa jua unavua koti, ukivuka barabara unalivaa tena. Lushoto ya 16 yenye jua na Paris ya 16 yenye kivuli ni vitu viwili tofauti.

#6 Dalali wa Karume
Uzi wa nyuzi, halafu umejaa wanasayansi 😂. Nawekeza kambi hapa.

#7 Mzee wa Transit
#5, Lushoto nayo inapigwa ukungu siku nzima mwezi wa saba, mbona watu hawalii? Mwili umezoea tu. Ukitoka Dar ya 32 ukashuka Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, ya 6 ndani ya usiku mmoja, mishipa ya damu ya vidole haijajua la kufanya. Siku 2 au 3 za mwanzo ndizo mbaya, kwa hiyo nguo nzito kuliko zote uwe nazo mwilini unaposhuka, sio chini ya begi.

Turudi kwenye mizigo. Orodha ya begi la kilo 7 kwa siku 10:

Fulana 5 (gramu 800), suruali moja ya ziada ya kitambaa chepesi (450), sweta la sufu (400), jaketi jembamba la manyoya ya bata (300), chupi 6 (300), soksi jozi 5 (250), nguo ya ndani ya joto juu na chini (350), kanga moja (200), jozi ya pili ya viatu vyepesi (600), vitu vya bafuni (600), nguo ya kulalia (300), chaja na waya (500). Jumla kilo 5 na gramu 50. Mwilini: jinzi, viatu vizito, koti la mvua, skafu.

#8 Shangazi Kaja
Mzee, umesahau begi lenyewe. La mgongoni jepesi ni kilo moja na ushee, sanduku la magurudumu ni kilo 2.5 hadi 3. Kwa sanduku orodha yako inagonga 8 na mtu anaanza kuvaa sweta mbili mbele ya mzani.

#9 Mzee wa Transit
Sahihi, Shangazi. Basi iwe ya mgongoni, inafika kama 6.1. Mwenye sanduku aache viatu vya pili.

#10 mwana_Limuru
Jambo wakuu. Angalizo kwa ile ndege ya kwenda Roma: kilo 7 ni za ndege kubwa. Hizi za bei poa hazijali sana uzito wa begi dogo, zinajali vipimo. Ryanair begi la bure ni sentimita 40 kwa 20 kwa 25, linaingia chini ya kiti. Likizidi unalipishwa getini, na bei ya getini inauma kuliko uliyonunulia tiketi.

#11 Kabati Wazi
#10 hivyo ni vipimo vya zamani. Tangu Septemba 2025 ni 40 kwa 30 kwa 20. Wizz Air ni hivyo hivyo, 40 kwa 30 kwa 20. easyJet ni 45 kwa 36 kwa 20. Begi la lita 24 linaingia kote. La lita 40 aliloandika Mzee haliingii kokote, labda ulipie.

#12 Mzee wa Transit
Lita 40 nimeandika wapi?

#13 Kabati Wazi
Hujaandika, ila orodha yako haiingii kwenye lita 24 hata ukaikalie. Ama mleta mada alipie begi la ndani kwenye ile ndege ya Roma tangu siku ya kukata tiketi, ama apunguze: fulana 3, chupi 4, viatu vya pili hakuna, afue kila siku ya tatu.

#14 Bint Mkunazini
Assalaam alaykum. Naona wanaume watupu wanaongea, na jinzi zenu. Wanaovaa baibui nao wanasafiri. Baibui la kitambaa cha nida ni jepesi, halizuii baridi lakini linapunguza upepo, na ndani panaficha chochote. Ndani weka taiti nene, denia (kipimo cha unene wa taiti) 80 kwenda juu, au taiti zenye manyoya ndani, fulana ya joto ya mikono mirefu, kisha sweta fupi la sufu. Koti livaliwe juu ya baibui na lifike magotini. Koti fupi linakunja baibui kiunoni na upepo unaingia kwa chini.

Pindo ndilo linaloponza. Lipandishwe sentimita 3 hadi 5 kutoka urefu wa kawaida. Barabara zikiwa na maji pindo linanyonya hadi kwenye shavu la mguu, na kwenye ngazi za umeme za metro linaweza kunaswa kwenye meno ya ngazi. Mtandio wa shifoni uache nyumbani, chukua wa jezi ya pamba au wa sufu nyembamba. Shifoni inateleza ukivaa kofia ya jaketi juu yake.

#15 Fundi Cherehani
Bint Mkunazini kula tano. Hilo la pindo hata kwa suruali pana za sasa hivi, maji yanapanda.

#16 Kapu la Mgeni
Asante wote. Naona kanga imeingia kwenye orodha ya Mzee. Ya nini huko?

#17 Shangazi Kaja
Kanga ndiyo nguo inayolipa zaidi kwenye begi lote. Kwenye ndege ni shuka. Hosteli isiyo na taulo, ni taulo, na inakauka ndani ya saa chache. Roma kwenye Basilika la Mtakatifu Petro mabega na magoti lazima yafunikwe, wanaume na wanawake. Aliyevaa kikaptura anazuiwa mlangoni, wewe unajifunga kanga unapita. Pale nje wachuuzi wanauza mitandio kwa waliokwama, wala si ya maana. Jioni unaikunja mara nne unaizungusha shingoni.

#18 mtoto_wa_Makete
Kanga shingoni Amsterdam? Pamba tena hiyo. Fundi kasema nini #4?

#19 Fundi Cherehani
Nilisema pamba inayogusa jasho. Shingoni hapatoki jasho kihivyo. Ikunjwe mara nne inashika hewa, inatosha Paris na Roma. Amsterdam chukua skafu ya sufu. Kikoi ni kizito kidogo kuliko kanga, kinashika joto zaidi ila kinakula nafasi.

#20 Dalali wa Karume
Sasa mimi niongee la kwangu. Msiende kununua vitu vya dukani kwa laki tatu. Masoko ya mitumba, Karume, Memorial kule Moshi, Gikomba kwa majirani, makoti ya baridi yapo na hayana wanunuzi wengi nje ya msimu. Ila kagua:

Jaketi la manyoya ya bata: libonye kiganjani uliachie. Likirudi kujaa lenyewe ndani ya sekunde chache ni zima. Likibaki na mabonge limefuliwa vibaya. Pitisha kiganja kwenye mishono, ukiona vijinyoya vinachungulia kila mahali litakuvalisha kama kuku kila ukivaa sweta jeusi.

Koti la mvua: geuza ndani. Ukiona utando unabanduka kama ngozi ya kuungua na jua, au vipande vyeupe vinadondoka, achana nalo hata liandikwe nini kifuani. Ule utando unaharibiwa na unyevunyevu na joto, na bidhaa zikikaa pwani hali inakuwa mbaya zaidi. Kisha dondoshea maji: yakitiririka ni safi, yakizama kitambaa kimepoteza dawa ya kufukuza maji tu. Lifue kwa sabuni kidogo, suuza sana, kisha lipitishe pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa kingine. Mara nyingi dawa inaamka. Koti lililobanduka ndani halifufuki.

Sweta la sufu: lebo zimekatwa nyingi. Chomoa uzi mmoja, uchome. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yanapondeka. Plastiki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu.

#21 Kabati Wazi
#20 umemaliza, ila ongeza viatu. Buti na raba za mitumba zenye soli nene laini ya povu zinakaa miaka, kwa nje zinang'aa, ukitembea kilomita 5 soli inapasuka vipande au inaachia yote. Chanzo ni unyevu kuvunja povu lenyewe, gundi haihusiki, kwa hiyo fundi viatu hawezi kuokoa. Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha: ikibaki alama au ikichanika kama keki, rudisha. Na kiatu chochote kitembelewe wiki mbili kabla ya safari. Siku ya kuzunguka mji ni hatua 15,000 hadi 20,000, malengelenge ya siku ya kwanza yanabaki hadi Roma.

#22 Bint Mkunazini
Na Roma yenyewe barabara za katikati ya mji ni vile vijiwe vyeusi vya mraba, wanaviita sampietrini. Kisigino chembamba kinazama katikati ya mawe, magurudumu madogo ya sanduku yanakufa. Soli pana ya mpira.

#23 Njiwa Mweupe
Anayepitia Lisbon yale mawe meupe ya njiani yakilowa ni sabuni. Soli iliyochakaa isithubutu.

#24 mwana_Limuru
Mbona hakuna aliyetaja boshori? Masikio ndiyo ya kwanza kuumia na ni gramu 60 tu.

#25 Dalali wa Karume
Boshori ndiyo nini?

#26 mwana_Limuru
Kofia ya kufuma bana. Wengine marvin.

#27 Dalali wa Karume
Aah, mzula. Semeni mzula watu waelewe.

#28 Shangazi Kaja
Mzula, boshori, vyovyote, ubebwe. Glovu nyembamba pia, za Amsterdam asubuhi hasa mkikodi baiskeli. Kwenye baiskeli upepo unajitengenezea mwenyewe.

#29 Kapu la Mgeni
Mwavuli je?

#30 mtoto_wa_Makete
Paris na Roma sawa. Amsterdam mwavuli wa kukunja unageuka bakuli dakika ya kwanza. Angalieni mapipa ya taka siku ya upepo, yamejaa fito za miavuli. Koti lenye kofia ya kukaza kwa kamba na ukingo mbele. Likiandikwa kipimo cha kuzuia maji cha milimita 5,000 linatosha manyunyu, 10,000 linavumilia mvua ya saa nzima.

#31 Mzee wa Transit
Na msivae fulana za joto za juu na chini halafu mkapanda metro. Ndani ya treni, maduka na makumbusho kuna joto la 20 kwenda juu, ya juu unaweza kuivua, ya chini huwezi. Unalowa, unatoka nje, unarudi kwenye ile ya Fundi #4. Ya chini ni ya kulalia na ya siku ya baiskeli tu.

#32 Kabati Wazi
Hapo ndipo nipingane kidogo. Kwa Roma tatizo linageuka: baridi iko ndani. Italia kuna kanuni ya tarehe za kuwasha mitambo ya joto. Roma ni 1 Novemba hadi 15 Aprili, mwisho saa 12 kwa siku. Milano ni 15 Oktoba hadi 15 Aprili, saa 14. Baada ya hapo mitambo ya majengo huzimwa, labda meya aongeze siku. Mleta mada anafika Roma baada ya tarehe 15. Mchana nje 19 na jua, anarudi kwenye chumba cha ukuta mnene wa mawe, usiku blanketi jembamba. Fulana zile za joto zitamfaa kitandani Roma kuliko mtaani Paris.

#33 Njiwa Mweupe
Hii sikuitegemea. Kwa hiyo baridi ya Aprili ni ya ndani?

#34 Kabati Wazi
Ya Roma. Ya Amsterdam mwulize Makete.

#35 Fundi Cherehani
Na hilo linagusa kufua. Chumba bila joto, jinzi haikauki kwa siku moja, soksi nene za pamba nazo zinabaki na ubichi kwenye kisigino. Ukifua jioni: kamua, tandika nguo juu ya taulo kavu, viringisha kama chapati, kanyaga. Maji mengi yanabaki kwenye taulo. Kisha ning'iniza mbali na ukuta. Fulana ya sufu au ya plastiki inakauka hadi asubuhi, ya pamba haikauki.

#36 mwana_Limuru
Aliyeahirisha hadi Mei ameepuka haya yote.

#37 Njiwa Mweupe
Si lazima. Ujerumani, Austria na Poland wana siku za Watakatifu wa Barafu, baridi ya ghafla kati ya tarehe 11 na 15 Mei, wakulima wa zamani hawapandi nyanya nje kabla hazijapita. Wapo wanaosema ni mila tu, miaka mingine hapatokei kitu. Wahispania nao wana msemo wao kwamba usivue koti hadi arobaini ya Mei, yaani 9 Juni.

#38 mtoto_wa_Makete
Mei yenye siku arobaini, hiyo kalenda naitaka siku ya kulipa kodi.

#39 Bint Mkunazini
Ngozi jamani. Hewa ya vyumba vyenye joto ni kavu, midomo inapasuka siku ya pili. Mafuta ya mgando gramu 50, kopo dogo. Losheni isizidi mililita 100, chombo ndicho kinachopimwa: kopo la 200 lililobaki robo linatupwa. Na wenye mafua ya chavua, Aprili ndiyo msimu wa mti wa mbetula na ule wa platani wa mitaa ya Paris, pua inavuja kama una korona. Vidonge vibebwe.

#40 Kapu la Mgeni
Asanteni sana. Nimepata mifuko ile ya kunyonya hewa, inapunguza nguo nusu. Naona sasa koti zito la sufu linaingia.

#41 Shangazi Kaja
Inapunguza ukubwa, haipunguzi uzito. Koti zito la sufu ni kilo moja na nusu hadi mbili, lishinikizwe au lisishinikizwe. Na kurudi nani atalinyonya hewa hotelini?

#42 Mzee wa Transit
Usibebe. Jaketi la manyoya gramu 300, koti la mvua juu yake, sweta chini. Tabaka tatu, nyuzi 4 hadi 19 zote zimeisha.

#43 mtoto_wa_Makete
Manyoya ya bata yakilowa yanalala, joto linakwisha. Siku ya mvua Amsterdam koti la mvua likivuja begani umebaki na mfuko wa manyoya mabichi. Sufu hata ikilowa bado inasaidia.

#44 Mzee wa Transit
Ndiyo maana Dalali kaeleza namna ya kukagua koti la mvua.

#45 Bint Mkunazini
Mwanamke alibebe, lakini avae mwilini ndani ya ndege. La mwilini halipimwi.

#46 Dalali wa Karume
Ninalo moja la sufu tupu, refu hadi magotini, nimelichoma uzi mwenyewe, limenuka nywele. Mleta mada njoo Ijumaa.

#47 Fundi Cherehani
Usilichome zaidi, litabaki kizibao.